Jino likianza kutikisika, uliza kuhusu sukari kabla ya kuling'oa

Kama kwenu kuna mtu anayeishi na sukari, mwangalie akila mahindi choma. Anayapukuchua kwa vidole kwanza? Ama anatafuna upande mmoja tu? Shangazi yangu alifanya hivyo karibu mwaka mzima, na sisi tukamcheka ati ameanza kuzeeka. Wapi! Mfupa wa taya lake ulikuwa unaisha polepole.

Alipoenda kliniki aling'olewa meno mawili, akapewa dawa ya maumivu, akapanda matatu akarudi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza kuhusu sukari. Hilo linaniudhi hadi leo, kwa sababu magonjwa haya mawili hutembea pamoja.

Jino halishikwi na ufizi peke yake, limezama ndani ya mfupa. Uchafu ukikaa hugeuka ugaga, bakteria wanajificha chini ya ufizi, na mwili ukipigana nao, uvimbe huo huo unaanza kula mfupa. Sukari ikiwa juu kwenye damu, uvimbe hauishi haraka na seli zinazojenga mfupa zinalemewa. Uvimbe nao unafanya sukari iwe ngumu kushuka. Unaona mtego huo?

Sasa homoni inaingia wapi? Kwenye shingo, nyuma ya tezi ya thairoidi, kuna vitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele. Vinatoa homoni inayolinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu, na kalsiamu ikipungua, homoni hiyo inaichota kutoka kwenye mifupa. Ungedhani basi ni adui wa mfupa. Na kweli, ikikaa juu usiku na mchana, mfupa unaliwa. Lakini ukidungwa kiasi kidogo mara moja kwa siku, halafu iishe mwilini, seli zinazojenga zinaamka na kuzipiku zile zinazobomoa. Mimi nilisoma hapo mara tatu ndipo nikaamini.

Dawa iliyotokana na ujuzi huo inaitwa teriparataidi. Marekani iliiidhinisha 2002 kwa watu ambao mifupa yao huvunjika kwa urahisi. Mwaka wa 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha matokeo ya kuijaribu kwa wagonjwa 40 wenye fizi zilizoharibika vibaya. Wote walifanyiwa upasuaji wa fizi, wakapewa kalsiamu na vitamini D. Nusu walidungwa dawa kila siku kwa wiki sita, wengine sindano isiyo na dawa. Baada ya mwaka, mashimo kwenye mfupa yalikuwa yamejazika kwa asilimia 29 kwa waliopata dawa, na asilimia 3 tu kwa wenzao.

Ngoja kwanza, usitume kwa grupu ya familia. Watu 40 ni wachache. Kwa upande wa kisukari, matumaini mengi yametoka maabara, kwa panya waliofanywa wawe na sukari kisha wakadungwa homoni hiyo, mfupa wa taya ukajengeka. Panya si shangazi. Dawa yenyewe haijaidhinishwa kwa ugonjwa wa fizi, hawapewi waliowahi kuwa na saratani ya mifupa, na bei yake si ya kuulizia ukiwa na nauli tu mfukoni.

Kilichopo leo ni kusafishwa meno hadi chini ya ufizi. Uchambuzi wa Cochrane wa 2022 ulionyesha kuwa kwa wenye kisukari, matibabu hayo ya fizi yalishusha kipimo cha sukari cha miezi mitatu kwa takriban pointi 0.4. Si mchezo, kwa kazi iliyofanyika mdomoni! Kwa hivyo mzazi wako akitema damu anapopiga mswaki, mpeleke, na daktari wa meno aambiwe kuhusu sukari hata asipouliza.

Shangazi sasa anasafishwa kila baada ya miezi michache. Jumapili alikula mahindi choma, nusu gunzi, bado upande wa kushoto.