Nyumba aliyonyimwa mwana
Je, mpenzi msomaji, mwanao akikukosea waweza kumnyima nyumba yako? Msanifu majengo John Soane wa London aliweza.

Nyumba yake, mtaa wa Lincoln's Inn Fields, aliijaza ujanja. Mwanga huingia kupitia madirisha ya paani. Vioo vya mviringo hufanya chumba cha kifungua kinywa kionekane kipana. Kuta za chumba cha picha hufunguka kama kabati, na ndani mna picha zaidi.

Mwaka wa 1815, mwanawe George alimkashifu gazetini bila kutaja jina lake. Mama akafariki mwaka huo. Mzee akamlaumu George. Mnamo 1833 Bunge likapitisha sheria: Soane akifa, nyumba iwe ya umma. Alifariki 1837.

Leo wewe mgeni waingia bila kulipa ndururu. Mwana wa damu alikosa.