Kengele Iliyolia Mara 27

Sogeeni karibu, wanangu wa Utawala, wa Embakasi, nyinyi mnaolala ndege zikipita juu ya mabati. Mmoja wenu kaniuliza: "Mjomba, ile ndege iliyoanguka huku kwetu, ilianguka kwa nini?" Hongera, mwanangu! Wakubwa wengi wakisikia habari ya ajali hushika kichwa, wakaenda zao. Wewe umeuliza kwa nini.

Ilikuwa tarehe 2 Julai 2014, saa kumi alfajiri na dakika chache. Ndege ya mizigo aina ya Fokker 50 iliondoka uwanja wa Jomo Kenyatta kwenda Mogadishu. Ndani mlikuwa na watu 4 na shehena ya miraa.

"Mbona usiku hivyo, mjomba?"

Miraa haingoji, mwanangu. Hufungwa kwa majani ya migomba isikauke, lakini ikichelewa siku mbili tatu, mnunuzi anaikunjia uso. Ndiyo maana ndege zake huamka kabla ya jogoo.

Sasa, Fokker 50 ina injini 2, moja kila bawa, na kila injini huzungusha mapanga 6. Mmeona mkokoteni wa maji unaovutwa na punda wawili? Punda mmoja akilegea na mwenzake akizidi kuvuta, mkokoteni unaenda wapi?

"Unapinda, mjomba!"

Unapinda! Tena unaelekea upande wa yule aliyelegea. Alfajiri ile, injini moja ilikuwa imelegea.

Lakini mle ndani kulikuwa na kengele. Sikilizeni inavyosema: "Mimi sina mikono. Siwezi kushika usukani. Siwezi kufunga breki. Kazi yangu ni kulia kitu kikiharibika." Ting! Ikalia. Ting! Ikalia tena. Ndege ikazidi kukimbia. Ting!

Ikapaa, lakini haikufika mbali. Iligonga jengo la biashara hapa Utawala, na wote 4 wakafariki. Huku chini hakuna aliyekufa. Mnajua watu walivyobanana mitaa hii, basi hilo nalo mlishukuru.

"Kwani ndege haiwezi kuruka na injini moja?"

Swali la kirubani hilo! Inaweza, imeundwa hivyo. Rubani huzima ile mbovu, akageuza mapanga yake yakae ubavu, yasipigane na upepo. Ila hiyo kazi inataka nafasi, nayo ndege inayopaa iko karibu mno na ardhi. Halafu Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na injini hukosa sehemu ya nguvu zake.

"Basi si wangesimama?"

Hapo ndipo penyewe. Barabara ya kurukia pale uwanjani ina urefu wa zaidi ya kilomita 4. Kabla ndege haijafika mwendo fulani, rubani anaweza kukata shauri: leo haturuki. Anafunga breki, anarudi, fundi anaitwa.

Wachunguzi wa Kenya walifungua kinasa sauti cha ndege. Ni chombo kigumu, cha rangi ya chungwa ili kionekane majivuni, kinachostahimili moto wa nyuzi 1,100 kwa saa nzima. Kengele ilikuwa imelia mara 27. Wakaandika kwamba marubani walijua injini ina hitilafu, wakaamua kuruka hivyo hivyo, na hata baada ya maonyo yote hayo hawakusimamisha ndege.

"Kwa nini, mjomba? Hawakuisikia?"

Kulia ililia, mwanangu. Mimi nadhani, na hii ni dhana yangu, kwamba mzigo unaoharibika una sauti yake, nayo husema "haraka, haraka." Msiwacheke marehemu. Hata mimi nimewahi kupanda matatu inayonguruma vibaya kwa kuwa nilikuwa nimechelewa.

"Sasa wachunguzi walimfunga nani?"

Hawakumfunga mtu. Sheria za kimataifa za usafiri wa anga zinasema uchunguzi wa namna hii hautafuti wa kulaumiwa. Hutafuta kwa nini, kama wewe, ili rubani mwingine akisikia ting ya kwanza afunge breki.