Afya na Twahara: Saratani ya titi inapofika kwenye ngozi

Wapo dada na mama zetu wanaoficha kidonda cha titi chini ya kanga kwa miezi mingi, kwa haya au kwa kudhani ni hasad. Leo tuizungumze hali hiyo.

Seli za saratani hupita kwenye mishipa ya limfu na kufika kwenye ngozi ya kifua. Dalili zake ni vinundu vigumu, ngozi kuwa kama ganda la chungwa, wekundu usioisha, au kidonda kisichopona. Wengi hudhani ni jipu au fangasi. Kipimo cha uhakika ni kukata kipande kidogo cha nyama na kukichunguza maabara.

Tusidanganyane: ikisambaa mwilini kwa kawaida haiponi kabisa, lakini inatibika. Zipo dawa za kemotherapi, vidonge vya homoni kama tamoxifen kwa uvimbe unaozikubali, na mionzi ambayo hupunguza damu, harufu na maumivu. Huduma hizi zipo Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na pia Bugando, Mwanza.

Nyumbani, osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko 1 cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Shashi ikiganda, ilowanishe kwanza, usiivute. Harufu hutokana na bakteria. Mwulize daktari kuhusu metronidazole, ambayo husagwa na kunyunyizwa juu ya kidonda. Usipake majivu, kinyesi cha ng'ombe wala dawa usiyoijua. Damu ikichuruzika, kandamiza kwa kitambaa safi kwa dakika 10. Isipokata, nenda hospitali. Maumivu makali yana dawa, ikiwemo morphine ya maji.

Ama ibada, kifua si kiungo cha udhu. Katika josho, kama maji yanadhuru kidonda, sheria ina ruhusa ya kupangusa juu ya bandeji na ya kutayamamu. Mwulize sheikh wako namna yake. Kutibiwa na daktari mwanamume panapokosekana mwanamke ni dharura inayoruhusiwa.

Nanyi waume na jamaa, saratani haiambukizi. Msimtengee mgonjwa chumba wala sahani. Dua na kisomo viendelee, na hospitali aende. Mtume (SAW) ametuamrisha kujitibu.

Allah (SW) awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.