Kompyuta isipoiona televisheni: Usikimbilie kununua kifaa kipya

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

HARUSI inafungwa Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,300 kutoka Muleba. Wazee ambao hawakuweza kusafiri wameketi sebuleni wakisubiri kuiona kwenye televisheni kwa njia ya intaneti. Kijana wa nyumba anafungua kompyuta, anabonyeza alama ya kurusha picha, na kivinjari kinamjibu kwamba hakuna kifaa kilichopatikana.

Harusi hairudiwi, na katika haraka hiyo ndipo makosa hufanyika. Wapo wanaofuta kila kitu kilichomo ndani ya kifaa wakidhani wanakiponya. Wapo pia wanaokihukumu kuwa kimekufa na kuanza kutafuta fedha za kununua kingine, ilhali kilichopo ni kizima.

Kifaa kinachozungumziwa hapa ni kile kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI la televisheni, na ambacho hupokea video kwa njia ya waifai. Kinachofahamika zaidi ni Chromecast, kilichoanza kuuzwa na kampuni ya Google mwaka 2013. Google ilitangaza kusitisha utengenezaji wake mwaka 2024, lakini vilivyokwisha kununuliwa vinaendelea kutumika majumbani. Aidha, baadhi ya televisheni mpya huja na uwezo huo ndani yake.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kivinjari hakikitafuti kifaa hicho kwenye intaneti. Hukitafuta ndani ya mtandao mdogo wa nyumba tu. Kompyuta hutuma ujumbe kwa anwani ya pamoja, ambayo ni 224.0.0.251, ikiuliza ni nani aliyepo anayeweza kupokea video. Kifaa kikiusikia ujumbe huo huitika na kutaja jina lake, na jina hilo ndilo linalojitokeza kwenye kioo cha kompyuta.

Ni sawa na mtu anayeita akiwa uani. Aliyemo ndani ya boma hilo ataitika, lakini aliye Kamachumu hawezi kumsikia anayeita kutoka Kashai, hata kama wote wawili ni wazima wa afya. Ndiyo maana intaneti yaweza kuwa na kasi nzuri kwenye kompyuta, na bado kifaa kisionekane.

Kwa hiyo, swali la kwanza si kama kifaa kimekufa. Swali ni kama kompyuta na kifaa vimo katika boma moja, yaani mtandao mmoja, na kama vinaruhusiwa kusikiana.

Katika Bukoba na Muleba, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya nchi, watu wengi hupata intaneti kupitia simu za mkononi. Simu hugeuzwa kuwa hotspoti, na vifaa vingine vikajiunga nayo. Hapo ndipo utata unapoanza, kwani nyumba moja yaweza kuwa na simu tatu na kila moja ikawa na hotspoti yake. Kompyuta ikijiunga na simu ya baba, na kifaa kikabaki kwenye simu ya mama, haviwezi kuonana.

Vilevile, kifaa hukumbuka jina na neno la siri la mtandao kilichounganishwa nao awali. Mwenye nyumba akibadilisha simu, kifaa huendelea kuutafuta mtandao wa simu ya zamani ambao haupo tena. Dawa yake ni rahisi: simu mpya ipewe jina lile lile la hotspoti na neno lile lile la siri, bila kukosea herufi kubwa na ndogo. Mara nyingi kifaa hujiunga chenyewe bila kufanyiwa jambo lingine.

Jambo jingine ni masafa. Chromecast ya mwaka 2013 hutumia masafa ya gigahezi 2.4 pekee, wakati baadhi ya simu za sasa hurusha hotspoti kwa gigahezi 5. Kifaa hicho cha zamani hakiwezi kuuona mtandao wa namna hiyo. Katika mipangilio ya hotspoti ya simu nyingi kuna nafasi ya kuchagua gigahezi 2.4.

Katika nyumba za wageni na ofisi tatizo huwa tofauti. Mitandao mingi ya wageni imewekwa makusudi ili kompyuta ya mteja mmoja isiweze kuona ya mwingine. Ni ulinzi mzuri, lakini huzuia pia kompyuta kukiona kifaa, hata vikiwa vimejiunga na mtandao wenye jina moja. Hapo hakuna kosa la kutengeneza. Mteja atumie hotspoti ya simu yake kwa vyote viwili.

Sababu nyingine ni VPN, programu inayopitisha mawasiliano ya kompyuta katika njia ya faragha. Watanzania waliisikia sana Oktoba 2023, pale Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipowataka watu na kampuni wanaoitumia kutoa taarifa zao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. VPN inapokuwa imewashwa, kompyuta yaweza kutoka nje ya mtandao wa nyumba ingawa ipo mezani, mita mbili kutoka kwenye televisheni. Izimwe kwa muda, kisha utafutaji urudiwe.

Baada ya mtandao, ukaguliwe ulinzi wa kompyuta yenyewe. Kompyuta ya Windows iliyoambiwa kwamba mtandao ni wa hadharani huweza kukataa kuzungumza na vifaa vya jirani. Mtandao wa nyumbani uwekwe kama wa binafsi, lakini ule wa hotelini uachwe ulivyo kwa ajili ya usalama. Kwa kompyuta za Apple, tangu toleo la Sequoia la Septemba 2024, kivinjari kinahitaji ruhusa ya kutafuta vifaa vilivyo kwenye mtandao wa ndani. Aliyeinyima ruhusa hiyo siku ya kwanza kwa kubonyeza haraka, hatakiona kifaa mpaka airejeshe katika mipangilio ya faragha.

Ndipo kifike kivinjari. Chrome ina uwezo huu ndani yake tangu mwaka 2016, na amri yake huonekana kwa neno Cast. Firefox ya kompyuta haina uwezo huo, hivyo anayeitumia atatafuta bila mafanikio hata mtandao ukiwa sahihi. Chrome ya zamani ni vema isasishwe, ifungwe kabisa na kufunguliwa upya.

Umeme nao usisahauliwe. Unapokatika na kurudi, televisheni na kifaa vyaweza kuwaka kabla ya mtandao kuwa tayari. Zima vyote, washa mtandao kwanza, kisha kifaa, na mwisho kompyuta.

Katika yote hayo, hatua ya kurejesha kifaa katika hali ya kiwandani iwe ya mwisho kabisa. Funzo la jambo hili lilipatikana duniani kote Machi 2025. Kuanzia tarehe 9 ya mwezi huo, Chromecast za toleo la pili, zilizotolewa mwaka 2015, ziliacha kupokea video. Chanzo kilikuwa hati ya usalama ya kidijitali ambayo muda wake wa miaka 10 ulikuwa umekwisha. Vifaa vilikuwa vizima, na mitandao ya majumbani haikuwa na kosa.

Google iliwasihi watumiaji wasivirejeshe vifaa hivyo katika hali ya kiwandani, na baada ya siku chache ilianza kusambaza marekebisho kupitia intaneti. Waliosubiri walivipata vikifanya kazi tena. Waliokwisha kuvifuta walijikuta na tatizo la pili, kwani vifaa viligoma kuunganishwa upya, nao walisubiri zaidi.

Kuhusu wazee wanaosubiri harusi, ipo njia ambayo haihitaji kivinjari kutafuta chochote. Waya wa HDMI ukichomekwa kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye televisheni, picha na sauti hupita moja kwa moja. Kwa kompyuta yenye tundu hilo, waya huo ni akiba ya kuweka kabatini. Shughuli itazamwe kwanza kwa waya, na kifaa kichunguzwe kesho yake kwa utulivu.