Maharage ya Juma Zima Hayataki Haraka

Mgeni aliyezoea kupika Dar es Salaam anapohamia Njombe kikazi hushangazwa na jambo moja hata kabla ya kuizoea baridi: maharage hayaivi. Mkaa huteketea, watoto husinzia mkekani, na punje bado ni ngumu. Katika nyumba ambamo mama na baba wote hurudi kazini jioni, lawama humwangukia mpishi, na chakula huliwa kwa kununa.

Kosa si la mpishi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 93 hivi, wala si 100 kama pwani. Kuongeza mkaa hakuyazidishii maji joto, huyakausha tu. Makambako, mahali barabara ya Songea inapoachana na ile iendayo Zambia, ni chini kidogo kuliko Njombe, lakini hali haitofautiani sana.

Kwa hiyo yafaa kupika sufuria moja kubwa siku ya mapumziko kuliko kupambana na jiko kila jioni. Jumamosi usiku chambua kilo 2 za maharage ya mavuno mapya, kwani yaliyokaa sana ghalani huwa magumu zaidi. Yaoshe, uyaloweke katika maji mengi hadi asubuhi. Mwaga maji hayo, tia mengine, kisha yachemshe kwa nguvu kwa nusu saa. Hatua hii usiiruke: maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili isiyoondolewa na moto hafifu. Baada ya hapo punguza moto, ufunike, uyaache hadi yalainike kabisa. Mwenye sufuria ya presha atamaliza mapema, kwa sababu mvuke uliobanwa huongeza joto la maji.

Nyanya na ndimu zisubiri hadi punje zilainike, maana ukali wake huchelewesha kuiva. Magadi hulainisha upesi, lakini huharibu vitamini B1.

Usiyaunge yote mara moja. Leo tia kitunguu na nyanya; kesho tui la nazi; keshokutwa viazi mviringo, ambavyo Njombe havina uhaba. Siku ya mshahara yaunge kwa nyama ya kusaga, nyanya na pilipili kali; huko Marekani chakula kama hicho huitwa chili. Yakiliwa kwa ugali, maharage na mahindi hukamilishana, na mwili hupata protini iliyo bora kuliko ya kimoja peke yake.

Sasa tufike penye hatari. Baridi ya Njombe isikudanganye ukaiacha sufuria mezani usiku kucha. Vijidudu huzaliana katika chakula kilichopoa polepole, na baadhi huacha sumu ambayo kuchemsha tena hakuiondoi. Yagawe maharage katika vyombo vidogo visivyo na kina ili yapoe upesi, na yaingie katika jokofu kabla ya saa mbili kupita. Ya siku tatu yakae humo; yaliyobaki yagandishwe. Unapopasha, pasha ya mlo mmoja tu, yachemke hasa.

Asiye na jokofu asipike ya juma. Aloweke kila usiku, apike ya siku hiyo. Akishayachemsha kwa nguvu kwa nusu saa, aifunike sufuria na kuiweka katika kapu lililojazwa nguo kuukuu au majani makavu. Joto lililobanwa humo litaendelea kupika bila mkaa. Jioni yatahitaji kuchemshwa kidogo tu hadi yaive.

Kuchambua na kuloweka si kazi ya mama peke yake. Baba, Jumamosi usiku vuta ungo, keti na watoto mchambue. Jumatatu jioni hapatakuwa na wa kulaumiwa.