Mbwa na Safari ya Ng'ambo: Aende au Abaki?

Kila mwaka wako watu waondokao Moshi kwenda kuishi ng'ambo. Wengine ni vijana waliopata nafasi za masomo au kazi. Wengine ni jamaa wanaowafuata ndugu zao waliotangulia. Na wengine ni wageni, mathalani madaktari na walimu, ambao mikataba yao imekwisha na sasa wanarejea makwao. Mambo mengi hutengenezwa mapema: pasi, viza, shule za watoto na mizigo. Lakini jambo moja aghalabu huachwa mpaka wiki za mwisho, nalo ni mbwa wa nyumbani. Je, aende au abaki?

Wengi hulichukua swali hili kuwa ni la huruma tu: ampendaye mbwa wake atamchukua, na asiyempenda atamwacha. Katika makala haya tutaonyesha kwamba jibu lake hutegemea pia elimu ya viumbe, na kwamba mtu akichelewa kuuliza, hukuta kalenda imekwisha kumjibia.

Kwa nini mataifa humwogopa mbwa msafiri

Chanzo cha hofu hiyo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa, na huingia mwilini hasa kwa jeraha la kuumwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na kwamba hadi watu 99 katika kila 100 wanaougua huwa wameambukizwa na mbwa. Dalili zikisha kuonekana, kupona ni nadra mno. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo ugonjwa huu ungalipo, na mbwa azungukaye vihambani usiku kwenye miteremko ya Kilimanjaro huweza kukutana na mbwa wasiochanjwa, au hata bweha.

Tabia moja ya virusi hivi ndiyo iliyozaa sheria zote za safari. Virusi vingi huenea mwilini kwa damu, lakini hivi hushika njia ya neva. Kutoka mahali pa jeraha hupanda polepole mpaka kwenye ubongo, kisha huteremka hadi kwenye matezi ya mate. Safari hiyo huchukua wiki kadhaa, na mara nyingine miezi. Aliyeumwa usoni huugua mapema kuliko aliyeumwa mguuni, kwa kuwa njia ya kufika ubongoni ni fupi zaidi. Katika muda huo wote mbwa hula, hucheza na hutikisa mkia kama kawaida. Hakuna daktari awezaye kumtazama kwa macho akasema, "Huyu hana virusi."

Uingereza yatufaa kwa mfano. Nchi hiyo iliutokomeza ugonjwa mwanzoni mwa karne ya 20, lakini mwaka 1918 ukarudi, kwa kuwa askari waliotoka vitani walipitisha mbwa kwa siri. Mpaka mwaka 1922 ndipo ulipotokomezwa tena. Kwa miaka mingi kila mbwa aliyeingia kutoka nje alifungiwa karantini kwa miezi 6. Hata hivyo, mwaka 1969, mjini Camberley, mbwa mmoja aliyetoka Ujerumani alishikwa na kichaa siku 10 tu baada ya kumaliza karantini yake yote. Hapo ikaonekana wazi kwamba kungoja peke yake si kinga timilifu, hata kama muda ni mrefu.

Damu yatoa ushahidi

Njia iliyo bora zaidi ilitokana na maarifa ya chanjo. Louis Pasteur alimchanja binadamu kwa mara ya kwanza dhidi ya ugonjwa huu mwezi Julai 1885, baada ya mtoto Joseph Meister kuumwa na mbwa. Chanjo huufundisha mwili kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazovitambua virusi na kuvizuia kabla havijaingia katika neva. Kingamwili hizo hukaa katika damu, nazo huweza kupimwa. Kwa hiyo mwenye mbwa leo hatakiwi kuonyesha cheti cha chanjo tu, bali pia ushahidi kwamba mwili wa mbwa uliipokea chanjo hiyo. Uingereza ilianza kufuata utaratibu wa namna hii mwezi Februari 2000, na karantini ya miezi 6 ikaacha kuwa lazima kwa kila mbwa.

Kwa mbwa atokaye Tanzania kwenda Uingereza au nchi za Umoja wa Ulaya, hatua zenyewe ni hizi:

1. Mbwa huwekwa chini ya ngozi kidude chenye ukubwa wa punje ya mchele, kiitwacho mikrochipu. Hakina betri. Kikikaribiwa na chombo cha kusomea, hutoa namba ambayo ni ya mbwa huyo peke yake.

2. Kisha mbwa huchanjwa, akiwa ametimiza umri wa wiki 12 au zaidi. Chanjo iliyotangulia namba haihesabiwi, kwa maana hakuna awezaye kuthibitisha kwamba mbwa aliyechanjwa ndiye huyuhuyu.

3. Zikipita siku 30 au zaidi, damu hutolewa, na maji yake, yaitwayo seramu, hupelekwa katika maabara iliyoidhinishwa. Kingamwili zapasa kufikia vizio vya kimataifa 0.5 kwa kila mililita.

4. Tangu siku ya kutolewa damu, mbwa hungoja miezi 3 kabla ya kuingia nchi aendayo.

Mwanafunzi makini atauliza: ikiwa damu imekwisha kuthibitisha kinga, miezi 3 ni ya nini tena? Jibu ni kwamba huenda mbwa aliambukizwa kabla ya kuchanjwa, na virusi vikawa vimekwisha kuingia katika neva, mahali ambapo kingamwili za damu hazivifikii. Kipimo cha damu hakimtambui mbwa wa namna hiyo. Kungoja humtambua, kwa sababu kwa kawaida ugonjwa utajitokeza ndani ya muda huo. Basi kipimo na muda hukamilishana, na mbwa wa Camberley atukumbusha kwa nini vyahitajiwa vyote viwili.

Nchi nyingine zina taratibu zao. Marekani, kuanzia tarehe 1 Agosti 2024, haimpokei mbwa mwenye umri wa chini ya miezi 6. Na mbwa aliyechanjwa katika nchi zenye hatari kubwa, Tanzania ikiwamo, asipokuwa na kipimo cha damu kinachokubalika, hukaa karantini siku 28. Australia haimpokei kabisa mbwa atokaye Tanzania moja kwa moja. Yampasa kwanza akae kwa miezi kadhaa katika nchi iliyoidhinishwa. Sheria hizi hubadilika, kwa hiyo yafaa kuuliza ubalozi na daktari wa mifugo mapema, kabla hata ya kununua tiketi.

Mwili wa mbwa ndani ya ndege

Tuseme karatasi zote ziko tayari. Je, mwili wa mbwa utastahimili safari? Ndege ya masafa marefu huruka kwenye kimo cha mita 10,000 na zaidi, karibu mara mbili ya kilele cha Kibo chenye mita 5,895. Lakini hewa ya ndani, pamoja na ya sehemu ya mizigo wawekwamo wanyama, hushindiliwa mpaka iwe kama ya mahali pasipozidi mita 2,400 hivi. Kwa mtu wa Moshi kipimo hiki ni rahisi kukifahamu: ni kama kupanda kutoka mjini, kupita lango la Marangu, na kusimama msituni kabla ya kufika Mandara. Mbwa mzima hupanda hapo bila taabu. Mbwa mzee mwenye moyo dhaifu huenda akataabika.

Joto ni jambo la pili. Binadamu hujipoza kwa jasho la mwili mzima. Mbwa hutoa jasho kidogo tu katika nyayo, na hujipoza hasa kwa kuhema, ili maji yavukizwe kutoka ulimini na katika njia za pumzi. Mbwa wa aina zenye pua fupi, ambao njia zao za pumzi ni nyembamba, hushindwa kujipoza vema, na ndiyo sababu mashirika mengi ya ndege hukataa kuwachukua. Tena, haifai kumpa mbwa dawa ya usingizi ati apumzike. Dawa hizo huweza kuteremsha shinikizo la damu na kumpotezea uwezo wa kujimudu. Lililo bora ni kumzoeza kizimba chake nyumbani kwa wiki nyingi, alale humo mlango ukiwa wazi. Kizimba chenyewe kiwe na nafasi ya kutosha mbwa kusimama, kugeuka na kulala.

Je, mbwa aachwaye hufa kwa majonzi?

Wenye mbwa wengi huliogopa jambo hili kuliko yote. Historia ya utafiti wake, kwa bahati njema, yapita karibu nasi. Kati ya mwaka 1954 na 1955 mtaalamu Mary Ainsworth alikaa Uganda akichunguza uhusiano wa mama na watoto wachanga. Baadaye, huko Marekani, akabuni jaribio mashuhuri: mtoto hukaa katika chumba kigeni, mama hutoka, mgeni huingia, kisha mama hurudi, nao watafiti hutazama matendo ya mtoto. Mwaka 1998 watafiti wa Budapest, nchini Hungaria, walitumia jaribio hilohilo kwa mbwa 51 na wenyeji wao. Mbwa walionyesha dalili zinazofanana na za watoto: walicheza zaidi mwenyeji akiwapo, na alipotoka walikaa mlangoni.

Basi ni kweli kwamba mbwa huona upweke. Lakini mwaka 2001 watafiti haohao wa Budapest waliwapima mbwa wazima waliokuwa katika makao ya mbwa wasio na wenyewe. Baada ya kukaa na mtu mmoja mara tatu tu, kila mara kwa muda mfupi, mbwa hao walianza kuonyesha dalili za kumshikilia mtu huyo. Maana yake ni kwamba mbwa mzima huweza kuanza uhusiano mpya upesi, mradi apatikane mtu aliye tayari. Kinachomwangamiza mbwa ni kufunguliwa lango siku ya safari na kuachwa bila mlishaji. Mbwa huyo huzurura, hachanjwi tena, na huweza kuwa hatari kwa watoto waendao shule.

Kuamua

Tuchukue mfano wa kubuni. Familia moja ya mjini Moshi itahamia Hamburg tarehe 10 Agosti. Ina mbwa wawili: Simba, mwenye miaka 11, na Popi, mwenye miaka 2. Wote wamechanjwa kila mwaka, lakini hawana mikrochipu. Tarehe 5 Mei familia yaenda kwa daktari wa mifugo. Popi akiwekwa namba na kuchanjwa siku hiyo, damu yake yaweza kutolewa tarehe 4 Juni, na ataruhusiwa kuingia Ujerumani kuanzia tarehe 4 Septemba. Hata waliofika kwa daktari miezi 3 kabla ya safari wamechelewa. Na kwa kuwa sheria za Ulaya hutaka mbwa wa nyumbani asafiri ndani ya siku 5 kabla au baada ya safari ya mwenye mbwa, hapana budi mama, ambaye ndiye mwenye Popi, abaki naye mpaka Septemba.

Kwa upande wa Simba, daktari anausikiliza moyo wake na kusikia mpigo usio wa kawaida. Miaka yake iliyosalia ni michache, na amezoea kulala chini ya migomba, si katika ghorofa ya nne penye baridi. Babu wa Kibosho anamfahamu tangu akiwa mdogo. Familia yaamua abaki. Tangu mwezi wa Juni babu huja kumlisha mwenyewe, kisha Simba hupelekwa kihambani kwa siku chache, halafu kwa wiki nzima, wenyewe wakiwa bado wapo. Kadi yake ya chanjo hukabidhiwa pamoja naye, na fedha za chanjo za miaka ijayo huachwa mikononi mwa babu.

Familia hii imewapenda mbwa wote wawili, nayo imetoa majibu mawili tofauti. Maswali yaliyowaongoza yalikuwa matatu: muda uliopo watosha? Mwili wa mbwa utaweza? Akibaki, ni nani hasa atakayemlisha na kumchanja? Swali la tatu lisipopata jina la mtu, kumwacha kwaitwa kumtupa.

Zoezi kwa wanafunzi

Mtoto wa mbwa amezaliwa Machame tarehe 1 Machi. Tafuta tarehe ya mapema kabisa anayoweza kuingia nchi ya Umoja wa Ulaya, iwapo kila hatua itatimizwa siku ya kwanza inayoruhusiwa. Kisha eleza kwa nini mbwa huyo hawezi kupelekwa akiwa na umri wa miezi 4, hata kama ni mzima kabisa. (Jibu la sehemu ya kwanza: chanjo tarehe 24 Mei, damu tarehe 23 Juni, safari tarehe 23 Septemba.)