Gemu Zinazompa Abiria Nauli Akishashuka

Waliokulia kwenye vyumba vya PS enzi za PlayStation 2 hawajasahau madaraja ya Los Santos. Grand Theft Auto: San Andreas ilitoka Oktoba 2004, na ilipotufikia huku kwetu, mara nyingi kwa diski ya kunakiliwa, kila kijana aliambiwa mambo mawili hata kabla hajashika padi: kwamba nchi ile ni kubwa ajabu, na kwamba sehemu kubwa yake imefungwa. Ukivuka mpaka kabla ya wakati wako, nyota nne za polisi zinawaka kwenye kona ya skrini, helikopta inatokea, na CJ, mhusika unayemwendesha, hachukui raundi. Ili barabara zianze kufunguka kihalali, sharti hadithi ifike kwenye misheni ya The Green Sabre. Na kabla ya hapo ipo ile ya treni, CJ akikimbiza pikipiki kando ya reli huku Big Smoke, aliyekaa nyuma, akimimina risasi kila mahali isipokuwa zinapotakiwa.

Sasa mweke mchezaji huyo kwenye chumba cha kulipia, katika mji kama Nkubu, huku Imenti Kusini nchini Kenya, ambako muda hununuliwa kwa dakika. Memori kadi ni moja, ile ya megabaiti 8, na ni mali ya mwenye chumba. Ulichohifadhi jana, leo asubuhi mwenzako ameshahifadhi chake juu yake. Umerudi mwanzo, treni inakungoja tena, na nusu saa yako inayoyoma.

“Mkubwa, niongezee dakika tano tu nimalize hii treni.”

“Leta kumi kwanza.”

Dawa ilikuwa karatasi. Ukurasa uliochanwa katikati ya daftari la hesabu, umejaa mishale na herufi: R1, R2, L1, duara, kushoto, chini. Mstari mmoja ulileta silaha, mwingine pesa, mwingine ulifuta nyota za polisi. Karatasi hizo zilinakiliwa darasani kwa umakini ambao mwalimu wa historia angeuonea wivu. Wazazi waliziona kuwa ni mafunzo ya wizi. Kwa mtu mwenye nusu saa, hata hivyo, ndizo zilizomwezesha kuiona nchi aliyokwisha kuilipia.

Karatasi hiyo leo haifui dafu. Gemu zinazotawala sasa haziuzwi mara moja zikaisha. Zinaendeshwa na kampuni mwaka baada ya mwaka, zikiongezewa sura mpya, wahusika wapya na matukio ya msimu, na kila hatua yako inaandikwa kwenye seva iliyo mbali. Genshin Impact ya kampuni ya Kichina ya miHoYo, iliyotoka Septemba 2020, haina seva ya Afrika. Mkenya anachagua ya Ulaya, Marekani au Asia, kisha anavumilia. Hakuna mchanganyiko wa vitufe unaoweza kuishawishi seva kwamba umemaliza kazi ambayo hujaimaliza. Gemu hiyo huchezwa bure, hata kwa simu. Lakini vijana wawili waliokaa benchi moja, kila mmoja na simu yake, hawawezi kuingia pamoja siku ya kwanza, kwa sababu kucheza na rafiki kunafunguliwa mtu akifika daraja la 16. Kabla ya hapo kila mmoja apigane peke yake, asikilize maelezo peke yake, huku mabega yao yakigusana.

Kufuli zenyewe si za aina moja. Kumfungia mchezaji mji, adui mkubwa au siri ya ukoo fulani ni haki ya msimulizi. Hakuna anayetaka mwisho wa hadithi mwanzoni. Ninachokilalamikia ni kufungia nyenzo: usafiri wa haraka, uwezo wa kupaa, nafasi ya kuweka mizigo, kitufe cha kuruka mazungumzo, mlango wa kumwalika rafiki. Vitu hivyo havimfichulii mtu lolote. Kazi yake ni kumpunguzia mtu muda anaopoteza kati ya jambo moja la maana na jingine, na ndiyo maana kampuni huona uzito kuvitoa mapema.

Tazama Destiny 2 ilipotoka Septemba 2017. Katika gemu ya kwanza wachezaji walizoea kupanda kipando chao kiitwacho Sparrow na kuyavuka mabonde kwa sekunde. Katika hii ya pili walitembea kwa miguu kampeni nzima, na Sparrow wakaipata baada ya kuimaliza.

Final Fantasy XIV ya Square Enix ina ustadi zaidi katika jambo hili. Katika nchi zilizoongezwa na matoleo yake ya baadaye, mchezaji hapai hadi akusanye mikondo ya hewa ya nchi husika. Anapewa dira. Anazunguka milima, anashuka mabonde, anagusa mkondo mmoja baada ya mwingine. Baadhi ipo porini, mingine inatolewa na wanakijiji wenye shida zao ndogondogo, na mingine haipatikani ila kwa kuendelea na hadithi kuu. Mara nyingi hadithi inapomkabidhi ule wa mwisho, huwa imekwisha kumaliza shughuli zake katika nchi hiyo na inamwelekeza kwingine. Huko kwingine anaanza tena ardhini. Ni kama kupanda matatu Nkubu, kuvuka Ikweta, kushuka Meru mjini, kisha kondakta akukimbilie stendi akupe nauli.

Ugomvi mkubwa zaidi kuhusu suala hili ulitokea kwenye World of Warcraft ya Blizzard. Kupaa kuliingia humo Januari 2007 na toleo la The Burning Crusade, na kwa miaka saba wachezaji wakalizoea anga. Toleo la Warlords of Draenor lilipotoka Novemba 2014, anga lilifungwa. Mei 2015 Ion Hazzikostas, mmoja wa wabunifu wakuu wa Blizzard, akaeleza kwamba halitafunguliwa. Hoja yake ilikuwa kwamba anayepaa hukwepa kila kitu kilichopangwa ardhini: adui, mapango, njia ya mlima, mshangao wa kukunja kona. Anaelea juu ya lengo, anatua, anachukua, anaondoka. Wachezaji walikasirika, na Juni mwaka huohuo kampuni ikarudi na mapatano: utapaa, lakini kwanza uivumbue nchi, umalize misururu ya hadithi, ukusanye hazina na ujenge heshima kwa makundi fulani. Mpango huo uliitwa Draenor Pathfinder, na ukaigwa katika matoleo yaliyofuata.

Hazzikostas hakukosea katika yote. Kweli dunia ya gemu husinyaa ukiitazama kutoka juu. Kweli pia mgeni akipewa vitufe vyote siku ya kwanza atachanganyikiwa, na wabunifu wana sababu ya kumfundisha kwa kumega. Zaidi ya hayo, Pathfinder ilikuwa na ungwana mmoja: ukishaikamilisha kwa mhusika mmoja, wahusika wako wengine wote katika akaunti hiyo walifaidika. Kufuli la namna hiyo naweza kuishi nalo.

Kinachonitia shaka ni pale anayefunga mlango ndiye anayeuza ufunguo. Mwaka 2014 Blizzard ilianza kuuza kwa dola 60 huduma ya kumpandisha mhusika moja kwa moja hadi kiwango cha 90, zaidi ya shilingi 5,000 kwa viwango vya wakati ule. Square Enix nayo tangu 2017 inauza bidhaa ya kuruka hadithi. Hadithi ile ile tunayoambiwa ndiyo roho ya gemu, isiyofaa kurukwa hata sura moja, inarukika kwa kadi ya benki.

Mbunifu wa California au Tokyo anapopima mzigo wa kufuli lake huhesabu saa. Huku Imenti Kusini saa ina bei. Bando linaliwa huku unasikiliza mazungumzo ambayo, katika miaka ya mwanzo ya Genshin, hayakuwa na kitufe cha kuyaruka. Stima ikipotea katikati ya misheni, unaianza upya ikirudi. Na gemu inayozidi gigabaiti 20 kwenye simu inakulazimisha ufute picha za harusi ya dada yako ili apdeti iingie.

Lakini gharama kubwa kuliko zote inatokana na kalenda ya shule. Wanafunzi wengi wa sekondari huku hulala bwenini, na simu hairuhusiwi. Muhula mrefu huchukua wiki 13 hivi. Genshin hutoa toleo jipya karibu kila wiki 6, likiwa na matukio yanayofunguliwa na kufungwa ndani ya muda huo. Mvulana aliyefunga sanduku lake Mei na kurudi nyumbani Agosti amekosa matoleo mawili mazima. Anawasha simu ya kaka yake, anakuta tukio jipya linaloendelea wakati huohuo wa likizo, anabonyeza, na gemu inamwambia akamalize kwanza sura ambazo zilitoka yeye akiwa kwenye masomo ya jioni. Likizo ya Agosti ni fupi, na asubuhi kuna chai ya kuchuma.

Nadhani kufuli hizi ni sababu mojawapo kwa nini kandanda halitikisiki kwenye vyumba vya PS. Mechi ina mwanzo na mwisho ndani ya muda uliolipiwa. Chagua Arsenal au Real Madrid, wachezaji wote wapo, uwanja upo, na aliyecheza jana hana alichokufungulia wala kukufungia. Wanaosema vijana wetu hawana subira ya hadithi wanasahau kwamba vijana haohao walimaliza San Andreas kwa kupokezana, kila mmoja akisukuma misheni moja kabla pesa hazijaisha.

Kampuni zenyewe zimekuwa zikilegeza. Agosti 2020 Square Enix ilipunguza misheni za hadithi ya kwanza ya Final Fantasy XIV, iliyolalamikiwa kwa urefu wake, na kuruhusu kupaa katika nchi za mwanzo kwa waliomaliza sehemu hiyo. Genshin iliongeza njia ya kuingia kwenye baadhi ya matukio mara moja, hata kama hujamaliza hadithi inayotangulia, ikikuonya tu kwamba utakutana na watu usiowajua bado. Onyo hilo linatosha. Mchezaji ni mtu mzima au yuko njiani kuwa mtu mzima, na anaweza kuamua mwenyewe. Rockstar, kampuni iliyoitoa San Andreas, ilipoileta GTA Online kwenye PlayStation 5 Machi 2022, ilimpa mgeni dola milioni 4 za ndani ya gemu anunue biashara, gari na silaha, aanze kazi badala ya kuhangaika na vijisenti kwa wiki kadhaa.

Blizzard nayo ilitoa Dragonflight Novemba 2022. Safari hii mchezaji alikabidhiwa joka karibu na mwanzo kabisa wa hadithi. Joka lenyewe lilikuwa zito, likichoka haraka, na alama za kuliongezea nguvu zilitawanywa angani na kwenye vilele vya milima, kwa hiyo mwenye muda alizurura akizitafuta na kuiona nchi yote waliyoichora. Asiye na muda alikwenda alikokuwa anakwenda. Kampuni ilikuwa ile ile iliyosema mwaka 2015 kwamba kupaa kunaifisha dunia, na aliyeianza hadithi hiyo jioni alikuwa angani kabla ya kulala.